Bigili Isiyo na Mate ya Mtu

Mama yangu alikuwa na ulimi wa kumenyea muhogo. Simvunjii heshima nikisema hivyo, yeye mwenyewe alijisifia. Baba alikuwa na midomo. Ndiyo nyumba iliyonilea, huko Kadutu, mlimani ambako mvua ikizidi uzio wa jirani huteremka na kulala mlangoni kwako: ulimi upande mmoja wa meza, midomo upande wa pili, na sisi watoto katikati tukila tumeinamisha vichwa.

Midomo ya baba ilikuwa ya kupulizia bigili. Kwa Kifaransa huandikwa bugle, ila Kadutu tulitamka kwa namna yetu. Asiyeijua na aione hivi: ni pembe ya shaba, ndugu ya trompeti, lakini tumbo lake pana zaidi na sauti yake nene, laini, haikwaruzi sikio. Juu yake ina vifungo vitatu vya kubonyeza kwa vidole, tuliviita piston. Bila piston pembe yoyote itatoa sauti chache tu za kuamrisha, haiwezi kuimba wimbo. Nazitaja mapema piston hizi kwa sababu baba hakuzitaja, na hasira yangu yote inaanzia hapo.

Siku za kazi alipima magunia ya kahawa katika ghala na hakuna aliyejua jina lake. Jumapili alikuwa mtu. Alivaa koti jeupe la fanfare, bendi ya parokia, nililomshonea mimi mwenyewe kwa cherehani yangu, akasimama mstari wa mbele. Mama alimkubali kwa ajili ya wimbo mmoja wa Maria aliousikia akiupiga nyuma ya jeneza la nyanya yangu. Aliniambia kwamba siku ile alimlilia mama yake na papo hapo akachagua mume, kazi mbili kwa machozi yale yale. Hata alipokuwa akimtukana, ahadi ile ilibaki.

"Siku nitakufa, utanipigia ile ya Maria," alimwambia mara nyingi. "Usipoipiga muzuri, nitaamuka nikupige kofi mbele ya padri."

Lilikuwa neno la upendo, lile. Hatukuwa na mengi.

Sasa, bigili aliyopiga baba haikuwa yake. Ilikuwa ya parokia, na kabla yake ilikuwa ya mmisionari mmoja aliyefia hapo hapo misheni. Jambo hilo mama hakulisamehe. Kila Jumapili baba akirudi kutoka misa, alikuta kikombe cha maji ya chumvi kwenye jiwe nje ya mlango, asukutue kwanza. Sahani yake ilikuwa ya peke yake, ya bati, yenye doa jeusi ukingoni ili mtu asikosee.

"Unatoka kunyonya mate ya mufu, na unataka kula mu sahani yangu?" mama alisema, na alisema mlango ukiwa wazi.

Majirani wakasikia, na majirani wa Kadutu hawatupi kitu. Baba akaitwa Kinywa ya Mufu. Alicheka kama wengine. Lakini nilimwona akisukutua hata siku za kazi, hata siku ambazo hakugusa bigili, na kutema mbali, nyuma ya migomba.

Ikafika siku fanfare ilipokwenda Bunyakiri kupiga kwenye ubarikio wa kanisa jipya. Wakati wa kurudi, lori lilikwama matopeni, wanaume wakashuka kusukuma, vyombo vikawekwa pembeni ya barabara. Dereva akarudi nyuma kidogo ili apate nguvu. Bigili ya mmisionari ililaliwa na tairi la nyuma, ikawa kama chapati. Mkubwa wa fanfare, mtu mwenye roho ya msumari, aliiinua kwa vidole viwili na kutangaza pale pale matopeni kwamba parokia haina pesa ya kununua nyingine. Mwenye kupata chombo chake kabla ya Pasaka atasimama mbele. Asiye nacho atapiga ngoma kubwa nyuma.

Ngoma kubwa ilikuwa ya baba mdogo, ndugu wa baba kwa mama mmoja. Alikuwa ametembea nyuma ya baba miaka yote, akigonga dum, dum, na kumsikiliza. Sikujua kwamba mtu anaweza kuiba kwa kusikiliza.

Baba akaenda Mudaka, kwao, akauza ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alitolewa kwa ajili ya dada yangu mkubwa alipoolewa, akawa analishwa huko kijijini kama heshima ya ukoo. Ndiyo maana tulisema nyumbani kwamba dada amegeuka trompeti. Dada hakucheka. Na ng'ombe mmoja hanunui kila kitu: bigili mpya ya kutoka Ulaya, ambayo padri alituonyesha picha yake, ingekula ng'ombe, zizi na mchungaji. Kwa hiyo ilibidi kuchagua kwa akili.

Na njia ya akili ilikuwepo. Mzungu mmoja wa Nguba alikuwa anaondoka. Shamba lake la kahawa serikali ilikuwa imempa mkubwa fulani ambaye hakujua mbuni na mwanzi vinatofautiana wapi, na sasa Mzungu alikuwa akiuza vitu vyake kwenye majani mbele ya nyumba: vitanda, masufuria, kiti cha mtoto. Kati ya masufuria ililala bigili ndani ya sanduku lake. Baba alinichukua niende naye, kwa kuwa mbele ya wazungu Kifaransa chake kilikuwa kinajificha.

Alivyoikagua ile bigili, mngedhani anamkagua binti wa kumposea mwanawe. Alibonyeza kila piston na kuiachia, akatazama kama inapanda yenyewe. Alipitisha kidole gumba ndani ya mdomo mpana wa pembe, akitafuta mikunjo. Alivuta bomba dogo huku amebonyeza, akategea mlio mdogo, pwa, unaosema hewa haivuji. Hapakuwa na kosa. Kisha akaiweka midomoni.

Alipiga ile ya Maria. Mke wa Mzungu, aliyekuwa akifunga sahani ndani ya magazeti, aliacha kufunga. Hata mimi, niliyekuja nimenuna kwa ajili ya ng'ombe wa dada, nililegea. Ilikuwa sauti ambayo bigili ya parokia haikuwahi kumpa. Bei ilikuwa chini ya ng'ombe, mno. Nilianza kufungua fundo la kitenge nilimofunga pesa.

Baba akachomoa kile kipande cha kupulizia, akakisogeza puani, akanusa.

Mzungu aliona, akacheka. Alisema kwa Kifaransa, akinitazama mimi nimtafsirie, kwamba asiogope, ni mate safi, mate ya Ubelgiji, miaka kumi na tano yamelala humo na hayajaoza. Sikutafsiri. Haikuhitajika. Baba alirudisha bigili kati ya masufuria polepole, akafuta midomo kwa kiganja.

"Twende," akaniambia.

"Papa, iko muzuri kupita yote."

"Iko na mate ya mutu. Nimechoka kusukutua."

Nyumbani mama alipoelezwa alimtazama tangu kichwani hadi miguuni. Ungetegemea afurahi, maana ni yeye aliyeyaanzisha. "Mwenye kuchagua jembe hapana mulimaji," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikutia sumu sikioni, kisha akakushangaa kwa nini unaugua.

Kesho yake baba mdogo alishuka Nguba na pesa ya mbuzi wawili mfukoni, akapanda na sanduku. Alipita nalo mbele ya mlango wetu, ingawa njia ya kwake haipiti hapo.

Baba akaenda Nyawera kwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Mwislamu wa zile familia za Uvira ambazo babu zao walitoka pwani. Mtu huyu alisafiri mara kwa mara hadi Nairobi kununua vitenge na viatu. Alikuwa mwaminifu, na hilo nalisisitiza, kwa sababu watu wa Kadutu walimsingizia baadaye. Nilikuwepo baba alipomwagiza.

"Unitafutie bigili mupya. Mupya kabisa. Mu carton yake. Kinywa ya mutu isigusake."

"Mpya, Mzee. Nimesikia."

"Hata ule muuzaji wa magazini asiijaribu."

"Nitamkataza mbele ya macho yangu."

Tulifika hadi mlangoni, baba akarudi tena ndani kumwambia mpya. Kila kitu alikitaja isipokuwa kile kimoja.

Majuma yakapita. Baba mdogo alifanya mazoezi jioni, dirisha wazi, na upepo ulituletea makosa yake yote, kisha makosa yakapungua. Mama alikuwa akiimba juu ya sauti ile huku anatwanga majani ya sombe, kwa makusudi. Baba alikaa nje akijitazama vidole, akivichezesha juu ya goti: kimoja, viwili, kimoja na cha tatu.

Mfanyabiashara alirudi wiki ya Matawi. Alipanda mwenyewe hadi kwetu, viatu vyake vizuri vikiwa na matope, mtumishi wake amebeba carton. Mama alikuwa amefagia ua na kukopa viti. Majirani walijaa bila kuitwa. Baba alinawa mikono, akakata kamba, akaondoa karatasi, akaitoa.

Iling'aa kuliko kitu chochote nilichokiona Kadutu. Bomba limezungushwa, mdomo mpana, mnyororo mdogo ulioshika kipulizio kisipotee. Baba aliinua mkono wa kulia kuishika mahali pake, na vidole vyake vitatu vikashuka, vikakuta hewa. Akaigeuza. Akaigeuza tena upande wa pili, kama anayetafuta kitako cha mtoto kwenye nepi. Kisha akachungulia ndani ya carton, ikiwa labda zimefungwa mbali.

"Piston iko wapi?" akauliza.

"Piston gani, Mzee?" Mfanyabiashara alikuwa bado anatabasamu. "Nilimwambia Mhindi dukani, nataka bigili, na hakusita hata kidogo. Akaitoa hii. Nikamkataza kuipuliza, kama ulivyoniusia."

Alisema kweli. Huko kwa watu wa Kiingereza neno lile lile, kwa kulivuta kidogo tu mdomoni, ni jina la kleroni, pembe ya askari. Neno lilivuka mpaka likavuliwa piston, kama mizigo yetu mingine inavyovuliwa vitu mpakani.

"Haukuniambia iko bila piston," baba alisema.

"Na wewe hukuniambia iwe nazo."

"Nani anaagiza ngombe na anasema, ikuwe na magulu ine?"

Hapo mama akacheka. Alianza yeye. Alicheka akaketi chini, akapiga mapaja, majirani wakapata ruhusa, ua mzima ukacheka, na vicheko vikashuka mlima nyumba hadi nyumba vikiulizana sababu. Mfanyabiashara, masikini, alidhani anapoza mambo: "Kipya kinyemi, Mzee, ingawa kidonda." Baba alisimama katikati na kidonda chake kinachong'aa.

"Sasa uko na mupya," mama alisema alipopata pumzi. "Mate, hakuna. Piston, hakuna. Ngombe, hakuna."

Pasaka ile baba mdogo alisimama mbele. Baba alipiga ngoma kubwa nyuma yake. Koti nililomshonea lilikuwa halifungi juu ya mkanda wa ngoma, nikalikata mwenyewe.

Yangeishia hapo tungesahau. Lakini mtu aliyenunua kitu kwa ng'ombe lazima akipulize. Jioni moja, nyuma ya migomba, baba aliipuliza kleroni, sauti zile nne tano, kwa midomo yake mizuri. Askari mmoja alikuwa anapita barabarani. Akaingia uani bila kubisha, akamwita baba raia, kwa Kifaransa cha serikali.

"Citoyen, ni weye unapiga hivyo? Kesho asubui unafika ku drapeau, ku bendera."

Aliyekuwa akipiga kleroni kwenye ofisi moja ya serikali huko juu ya barabara alikuwa amehamishwa Shabunda. Hakuna aliyemuuliza baba kama anataka. Toka kesho yake, kila asubuhi kabla ya ghala na kila jioni baada yake, baba alipandisha bendera na kuishusha kwa pumzi yake.

Waliozaliwa baadaye hawajui kusimama kule kulivyokuwa. Bendera ikipanda, kleroni ikilia, unaganda. Ukiwa na beseni kichwani, unaganda nalo. Mguu ukiwa ndani ya dimbwi, unabaki humo. Anayetikisika anapigwa mkanda. Kisha mkubwa wa askari anapaza sauti, "Repos!", yaani pumzika, legeza, na mtaa mzima unarudi kuwa na uhai. Kwa hiyo watu hawakumchukia askari, askari alikuwa mbali. Walimchukia aliyepuliza. Kinywa ya Mufu ikasahaulika, akawa Papa Simama. Wanawake walitema mate alipopita. Ndiyo, mate.

Asubuhi moja mama alikuwa anatoka sokoni na beseni la samaki na mkungu wa ndizi juu yake. Kleroni ilimkuta mbele kabisa ya ofisi. Alisimama. Nilikuwa hatua chache nyuma yake, nimesimama pia, nikaona shingo yake ikianza kutetemeka. Baba alimwona. Ikawa kosa la pekee la huruma nililowahi kumwona akilifanya hadharani: aliharakisha, akala sauti katikati ili afike mwisho.

Mkubwa wa askari aligeuka. "Unakimbia wapi, citoyen? Anza tena. Toka mwanzo."

Bendera ikashushwa, ikapandishwa upya. Baba akaanza tena toka mwanzo, taratibu, kila sauti na urefu wake, akimtazama mke wake. Ndizi zilianguka kwanza, samaki wakafuata. Alipoinama kuziokota walimpiga mkanda mgongoni, na baba hakuweza kuacha kupuliza, maana angeacha wangeanzisha tena. "Repos!" ilipokuja, mama aliokota samaki mmoja mmoja na kuwafuta matope kwa kitenge. Niliwachukia wote watatu siku ile, askari, baba, hata mama, kwa kutolia.

Wakati wa chakula mama alimsogezea baba sahani yake yenye doa. Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Siku nitakufa, usinipigie ile kintu yako. Uombe ndugu yako bigili ya kweli, unipigie ile ya Maria. Hata ikuwe na mate yake. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," baba alisema. Alikuwa akimwita mama, kama sisi.

Alipiga kleroni miaka mingi, hadi midomo yake ikapata kovu la mduara. Hakugusa piston tena. Baba mdogo hakuwahi kumpa, na yeye hakuomba.

Kisha mama akaugua tumbo, akaenda haraka, ulimi wake ukiwa mzima hadi asubuhi ya mwisho. Baba alivuka mtaa, akabisha kwa ndugu yake. Baba mdogo alitoa sanduku, na hata siku ile hakuweza kujizuia: "Chukua, kaka. Lakini iko na mate yangu." Baba akaichukua kwa mikono miwili. Hakuifuta wala hakuinusa.

Jeneza lilitoka nyumbani mchana, wajomba zangu wamelibeba mabegani, fanfare nyuma, nusu ya Kadutu nyuma ya fanfare. Wengi walikuja, nadhani, kumtazama Papa Simama akifiwa. Tulipofika barabarani, mkubwa wa fanfare akampa ishara. Baba aliinua bigili. Vidole vyake vitatu vilikaa juu ya piston, mahali pake, na mimi nikafumba macho ili niisikie.

Wimbo ule wa Maria unaanza na sauti mbili, ya chini na ya juu yake, kama mtu anayepanda ngazi. Kleroni ya bendera huanza na mbili zile zile. Baba alipiga ya kwanza, akapiga ya pili, na midomo yake ikaendelea na njia inayoijua. Vidole havikubonyeza chochote. Ilikuwa bendera, sauti kwa sauti, ikitoka nene na laini kwenye bigili ya kweli.

Wajomba zangu waliganda. Jeneza likaganda. Muuza karanga upande wa pili aliganda na kijiko hewani, na mwendesha baiskeli akaweka mguu chini. Nilifumbua macho na nikajikuta nimebana mikono mapajani, kisigino kimegusa kisigino. Mwili wangu ulitii kabla sijaelewa. Nilitaka kumpigia kelele aache, lakini nani aliyewahi kupiga kelele bendera ikipanda? Naye alikuwa analia, aliona anachokifanya, na hakuweza kuacha katikati. Walimfundisha asiache katikati.

Akamaliza. Hapakuwa na askari, na hakuna aliyesogea. Tulisimama barabarani, mama yetu begani, tukisubiri ruhusa, na nyuma kabisa mtu mmoja akaanza kucheka, kisha akaziba mdomo.

Baba alishusha bigili. Aliwatazama wabebaji, akatazama jeneza, akaona kwamba hakuna mwingine wa kulisema.

"Repos," akasema, kwa sauti ndogo.

Wajomba zangu wakaendelea kutembea.